Mume Wangu Amepata Kazi Minnesota: Je, Niwahamishe Watoto Katikati ya Mwaka wa Shule?

BARUA

Shikamoo mama,

Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu, na leo nimeshika kalamu kwa sababu jambo nitakalokueleza limeninyima usingizi kwa wiki ya tatu sasa. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, nina miaka thelathini na minne, na ninaishi Houston, Texas, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Tuliingia Marekani kwa viza ya bahati nasibu miaka minane iliyopita, tukafikia hapahapa Houston kwa binamu wa mume wangu, na tangu hapo hatujahama jimbo. Binti yetu ana miaka saba na yuko darasa la pili. Mdogo wake wa kiume alitimiza miaka minne mwezi Oktoba.

Mume wangu ameajiriwa na kiwanda cha vifaa vya hospitali kilichoko kaskazini mwa Minneapolis, Minnesota, na anatakiwa kuripoti wiki ya kwanza ya Januari. Mshahara ni mkubwa kuliko anaoupata sasa, na kazi yenyewe ni ya fani aliyoisomea, ambayo ameitafuta kwa miaka. Nimefurahi naye kwa dhati, wala sitaki aiache. Tunaposhindwa kuelewana ni kwenye namna ya kuhama. Yeye anataka tuondoke sote wakati wa likizo ya Krismasi, kwa hoja kwamba kulipia nyumba mbili ni kutupa pesa na kwamba watoto wadogo huzoea haraka. Mimi naona nibaki na watoto hadi shule ifungwe mwishoni mwa Mei, ndipo tumfuate Juni. Mkataba wetu wa nyumba unaisha tarehe 31 Machi. Mama mkwe, ambaye namheshimu sana, alipigiwa simu akasema neno moja tu, kwamba mke hukaa aliko mumewe, na tangu siku hiyo kila nikifungua mdomo naonekana mkaidi.

Mama, si ukaidi, ni hofu. Mwanangu wa kiume alichelewa kusema. Tangu alipotimiza miaka mitatu, shule ya umma ya hapa imekuwa ikimpatia mtaalamu wa kumfundisha matamshi mara mbili kwa wiki, bila malipo, na sasa anaunganisha maneno manne hadi matano. Naogopa kwamba tukivuka mpaka wa jimbo tutarudishwa mwisho wa foleni, na yeye atarudi kwenye ukimya wake. Mimi nami ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya kulelea wazee, na cheti changu ni cha Texas. Halafu kuna baridi. Februari 2021, umeme ulipokatika hapa Houston, tulilala watatu kwenye godoro moja sebuleni, binti yetu katikati amevalishwa soksi mikononi, na mimi nikiwa na mimba changa ya mdogo wake. Zilikuwa siku tatu tu, na sijazisahau. Huko wanasema baridi hukaa miezi mitano.

La mwisho huenda ukaliona dogo. Binti yangu ana mche wa mlimao alioupanda kwa mbegu kwenye ndoo pale barazani, na sasa umemfika kiunoni. Hatujamwambia chochote kuhusu safari, lakini nadhani alitusikia tukizungumza jikoni usiku. Asubuhi moja akiumwagilia maji aliniuliza bila kunitazama, "Mama, mlimao unaweza kukaa kwenye theluji?" Nilimjibu kwamba sijui anazungumzia nini. Tangu siku hiyo amerudia kunyonya kidole wakati wa kulala, tabia aliyoiacha akiwa na umri wa mdogo wake.

Nishauri, mama. Nihame Januari, ningoje Juni, au kuna njia nyingine ambayo mimi siioni?

Mama wa Wawili, Houston

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nitaanza kwa kujibu ulichouliza ili usikitafute hadi mwisho: msihame wote Januari, na wala usingoje Juni. Mume wako atangulie peke yake, kisha arudi kuwachukua katikati ya Machi, shule za Houston zitakapofunga kwa likizo fupi. Hizo ni wiki kumi hivi za kutengana, na kwa familia yenye watoto wa umri huo nisingependa zizidi hapo.

Najua ushauri unaotolewa na karibu kila mtu ni kungoja mwisho wa mwaka wa shule, na kwa kijana wa sekondari mwenye mitihani mbele yake huenda ningesema hivyohivyo. Kwa mtoto wa miaka saba mambo ni tofauti, na hili nililijua kwa gharama. Mimi nilihama na wanangu wawili kutoka Atlanta kwenda Saint Paul, mkubwa akiwa na miaka sita, nasi tulingoja Juni kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa. Tulifika wiki ileile ambayo shule za Minnesota zilikuwa zinafungwa. Binti yangu alikaa miezi mitatu karibu na dirisha la sebule akiwatazama watoto wa jirani wakipita na baiskeli, hamjui hata mmoja, hana mahali pa kuwajulia, na mimi nikiwa kazini. Septemba ilipofika aliingia darasani akiwa mgeni kama siku tuliyoteremka garini, na majira ya joto yote yalikuwa yamepita bure. Shule za Minnesota kwa kawaida hufunguliwa baada ya sikukuu ya wafanyakazi ya mwanzoni mwa Septemba na huendelea hadi Juni, tofauti na za Texas zinazoanza Agosti na kufunga Mei. Kwa hiyo binti yako akiingia darasani katikati ya Machi atapata karibu miezi mitatu kamili ya kujua majina, kualikwa kwenye sherehe moja au mbili za kuzaliwa, na kuanza likizo ndefu akiwa na mtu wa kumgongea mlango. Mtoto wa darasa la pili hapotezi masomo mengi kwa kuhama Machi, lakini rafiki ni jambo ambalo huwezi kumnunulia Julai.

Januari nayo naikataa kwa sababu nyingine. Kuhama na watoto wakati wa Krismasi kungewataka mpate nyumba ya familia kwa kuitazama kwenye simu, na huko nyumba unayopanga ndiyo kwa kawaida inayoamua mtoto ataingia shule gani. Mume wako apate kwanza chumba cha kupanga kwa mtu, hata kama ni chembamba, aende kazini, na siku zake za mapumziko azungukie mitaa mchana na usiku. Atazame basi la shule linasimama wapi, duka la vyakula liko umbali gani, na ngazi zinasafishwa theluji au la. Kaskazini mwa Minneapolis, hasa Brooklyn Park na Brooklyn Center, kuna Wakenya wengi na Waliberia wengi, na si vigumu kumpata mtu wa kumwelekeza kwa Kiswahili. Hoja yake ya kodi mbili ni ya kweli, wala usiipuuze. Lakini kodi ya chumba kwa miezi miwili na nusu ni ndogo kuliko hasara ya kuvunja mkataba wa Houston miezi mitatu kabla ya wakati, na ni ndogo zaidi kuliko ya kufungwa mwaka mzima katika nyumba msiyoipenda. Pigeni hesabu hiyo pamoja, kwa kalamu na karatasi, mkiwa mmeketi. Na mkiwa mezani hapo mwongeze jambo ambalo wanaotoka Texas husahau: Texas haitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara, ilhali Minnesota hutoza, kuanzia asilimia 5.35 na kupanda hadi 9.85 kwa wenye kipato kikubwa. Mshahara mpya upimeni kwa kile kitakachobaki mkononi.

Kuhusu mama mkwe, neno lake lina uzito na usilijibu kwa hoja. Mwombe mumeo ampigie yeye mwenyewe na kumwambia kwamba mke anakwenda aliko mumewe, ila mume ametangulia kuandaa makazi. Habari hiyo ikitoka kwa mwanawe ataipokea vizuri, na wewe utapumua. Sitarudi tena kwenye hilo.

Sasa mwanao wa kiume, kwa sababu nadhani hapo ndipo hofu yako ilipo hasa. Anachopata shuleni hapo Houston hakitoki kwenye huruma ya mwalimu. Kinatokana na sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, na bila shaka uliwahi kuketi kwenye kikao mkaandikiwa mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja, ule ambao wengi huuita kwa herufi zake, IEP. Sheria hiyo inasema kwamba mtoto mwenye mpango unaotumika akihamia jimbo lingine ndani ya mwaka wa shule, shule mpya inapaswa kumpa huduma zinazolingana na alizokuwa akipata, hadi itakapomfanyia tathmini yake yenyewe, kama itaona inahitajika, na kumwandikia mpango mpya. Kwa hiyo harudishwi mwisho wa foleni. Utaona pia kwamba hapo Machi inakusaidia kuliko Juni, kwa kuwa mtoto anahama huku mpango wake ukiendelea kutumika na walimu wakiwa kazini.

Lakini haki hiyo inadaiwa kwa karatasi. Kabla ya likizo ya Machi omba nakala ya mpango huo, ripoti ya tathmini ya mwisho na maelezo ya maendeleo yaliyoandikwa na mtaalamu wake wa matamshi, tena umwombe mtaalamu huyo aandike maneno machache kwa mkono wake kuhusu michezo na njia zinazomfungua mtoto kinywa. Mumeo akishapata anwani, pigia simu wilaya ya shule ya huko na uulize idara ya watoto wenye umri wa kabla ya chekechea. Mkikwama, Minnesota ina mfumo uitwao Help Me Grow ambao kazi yake ni kuwaunganisha wazazi wa watoto wadogo na huduma za namna hiyo. Utaambiwa vilevile juu ya upimaji ambao jimbo hilo linautaka kwa kila mtoto kabla hajaanza chekechea ya shule ya umma. Watampima macho, masikio na ukuaji, na watatazama chanjo zake, bila malipo yoyote. Usiuogope, na wala usiudhanie kuwa ni kikwazo kilichowekwa kwa ajili ya wageni.

Siku ya kuwaandikisha watoto utapewa karatasi inayouliza ni lugha gani inayozungumzwa nyumbani. Wazazi wengi wa kwetu huandika Kiingereza peke yake kwa kuogopa mtoto asitengwe. Nakusihi uandike ukweli, kwamba mnazungumza Kiswahili. Binti yako huenda akapimwa Kiingereza chake, na akionekana anahitaji msaada ataupata, na akionekana hahitaji ataendelea na wenzake. Kwa mdogo wake ni muhimu zaidi, kwa kuwa anayempima anapaswa kujua kwamba ana lugha mbili, na una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili wakati wa tathmini ili yasihesabiwe maneno ya Kiingereza tu. Mtu akikwambia muache Kiswahili nyumbani ili mtoto aseme haraka, usikubali. Lugha mbili hazisababishi mtoto kuchelewa kusema, na mtoto aliyepungukiwa na maneno hafaidiki kwa kunyang'anywa yale ya bibi yake.

Nije kwenye baridi. Unayoikumbuka ya Februari 2021 ni ya kweli na watu zaidi ya mia mbili walikufa Texas katika siku zile, wengine kwa ubaridi na wengine kwa moshi wa majiko na magari waliyowasha ndani wakitafuta joto. Lakini angalia kilichowaumiza. Nyumba zenu hazikujengwa kwa ajili ya baridi, mabomba yalipasuka, na umeme ulizimika. Minnesota usiku wa Januari kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, na kuna siku hushuka mbali zaidi ya hapo, lakini madirisha ni ya vioo viwili, kuta zimejazwa kizuizi cha baridi, na sheria inamtaka mwenye nyumba anayedhibiti joto la jengo kulidumisha lisipungue nyuzi 20 za Selsiasi kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 30 Aprili. Kuna pia kanuni inayowalinda wakazi wasikatiwe umeme au gesi ya kupashia nyumba joto katika miezi hiyohiyo, mradi wakubaliane na kampuni namna ya kulipa. Siku tatu zile za Houston mlikuwa na baridi ndani ya nyumba. Huko mtakuwa nayo nje, na ndani mtavaa fulana.

Nguo za watoto msizinunue Houston. Mavazi hayatozwi kodi ya mauzo Minnesota, na maduka ya huko yanauza vitu vinavyofaa kweli, pamoja na maduka ya mitumba ambako koti la mtoto lililovaliwa msimu mmoja hupatikana kwa bei ndogo. Mwambie mumeo awanunulie mapema, kwa sababu Machi bado kuna theluji na shule nyingi huwatoa watoto nje kucheza hata kwenye baridi, zikitaka kila mmoja awe na suruali ya theluji, viatu visivyopitisha maji na glavu nene zile zinazoviweka vidole pamoja. Na hili nalisema polepole kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi: koti hilo nene haliendi pamoja na mikanda ya kiti cha mtoto garini. Ukimfunga mtoto akiwa amelivaa utaona mkanda umembana barabara, kumbe umeibana pamba ya koti. Gari likisimama ghafla pamba inabonyea, mkanda unalegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Ukitaka kuamini, mfunge mwanao na koti lake, kisha umfungue bila kugusa urefu wa mkanda, umvue koti, umfunge tena, na utazame nafasi iliyobaki kati ya kifua chake na mkanda. Mimi ngumi yangu nzima iliingia. Mvalishe sweta jembamba, mfunge, halafu umfunike na koti kwa mbele, mikono yake ikipita kwenye mikono ya koti kinyumenyume.

Karatasi nyingine nitazitaja kwa haraka kiasi. Kwa kuwa mliingia kwa bahati nasibu, nadhani wazazi nyote wawili mna kadi ya ukazi, na mgeni yeyote ambaye bado hajawa raia anatakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku kumi, kwa fomu AR-11, ambayo hujazwa kwenye mtandao wa idara hiyo. Mumeo ataijaza Januari, nawe utaijaza Machi ukifika. Kama wanao walizaliwa hapa Marekani, wao ni raia na hili haliwahusu. Leseni ya udereva na usajili wa gari vya Minnesota vinatakiwa ndani ya siku 60. Bima ya afya ya jimbo ambayo pengine watoto wanayo Texas haivuki mpaka nanyi, kwa hiyo mumeo aulize kiwandani siku hasa ambayo bima ya familia inaanza kufanya kazi, na kama kuna pengo, aulize kwenye soko la bima la Minnesota liitwalo MNsure. Dawa ambazo watoto wanatumia zichukulieni Houston kabla ya safari, na chanjo mpate kadi yake kwenye karatasi, kwa kuwa kila jimbo lina daftari lake. Cheti chako cha uuguzi msaidizi hakikulazimu kusoma upya. Minnesota ina utaratibu wa kuwaingiza kwenye daftari lake wauguzi wasaidizi wenye cheti hai cha jimbo lingine, na ni vizuri uanze kuulizia ukiwa bado Houston, huku mwajiri wako wa sasa akiwa karibu kuthibitisha kazi yako. Kuhusu nyumba, usidhani kwamba mkataba ukiisha tarehe 31 Machi basi umeisha wenyewe. Mikataba mingi ya hapo hudai taarifa ya maandishi siku 30 au 60 kabla, kwa hiyo soma wako leo, na unapoondoka mwachie mwenye nyumba anwani yako mpya kwa maandishi, maana sheria ya Texas inampa siku 30 za kurudisha amana lakini hadi umpe anwani hiyo hawajibiki kuirudisha.

Vyeti vyote hivyo, vya kuzaliwa, vya chanjo, vya shule, na mpango wa mwanao, vitie kwenye bahasha moja na bahasha iwe kwenye mkoba wako wa bega. Sisi tulivipanga vizuri sana ndani ya boksi, boksi likaingia kwenye lori la wahamishaji, na lori lilifika siku kumi na tisa baada ya tarehe tuliyoahidiwa. Katika siku zote hizo, kila ofisi niliyoingia iliniuliza karatasi ambazo sikuwa nazo mkononi, nami sikuwa na la kujibu isipokuwa kuomba radhi.

Safari yenyewe ni kilomita 1,900 hivi, na sehemu kubwa ni barabara moja, ile I-35 inayopanda kutoka Texas kupitia Oklahoma City, Kansas City na Des Moines. Mumeo arudi kwa ndege kuwachukua, usiachiwe wewe kazi ya kufika peke yako na watoto wawili. Nalisisitiza hili kwa sababu ya watoto kuliko kwa sababu ya mizigo: wanatakiwa kuona kwamba baba amewajia, na kwamba wanaondoka naye. Laleni njiani usiku mbili, msiendeshe usiku, na kabla ya kuondoka fundi aangalie betri na maji ya rejeta, na maji ya kusafishia kioo yabadilishwe, kwa sababu yale yanayouzwa Houston huganda mkifika Iowa.

Wiki kumi za katikati zitakuwa nzito, na sitakudanganya. Bahati mliyo nayo ni kwamba Houston na Minneapolis ziko kwenye saa moja. Baba akipiga simu saa moja jioni huko, Houston nako ni saa moja jioni, na hata simu ya bibi kutoka Tanga haitabadilika wakati kwa sababu ya kuhama kwenu. Chagueni saa moja isiyosogezwa, na simu iwe ya kazi: baba asome hadithi, au watoto wamwonyeshe chakula kilichoko sahanini, kwa kuwa mtoto wa miaka minne hana la kujibu akiulizwa habari za siku, ila ana mengi ya kuonyesha. Tarajia pia kwamba mdogo anaweza kulowesha kitanda au kupoteza maneno mawili matatu aliyokwisha kuyapata, wakati huo na tena mtakapofika. Badilisha shuka bila kusema kitu. Yakizidi wiki kadhaa, mweleze daktari.

Na sasa binti yako, ambaye kwa kweli ndiye ningependa uanze naye, leo hii, kabla ya kugusa karatasi hata moja. Mtoto yule anajua. Alikupa nafasi ya kumwambia kwa kukuuliza habari za mlimao, kwa upole kuliko watu wazima wengi ninaowafahamu, na ulipoikwepa alibaki na siri yenu peke yake kitandani. Kaeni naye wewe na baba yake, nyote wawili, mumwambie kazi ya baba, jina la mji, mwezi wa kuondoka, na kwamba baba atatangulia na atarudi kuwachukua. Mpeni kalenda atie alama mwenyewe. Mwombe radhi kwamba alipokuuliza hukumjibu. Akilia, mwache alie, na msikimbilie kumsifia theluji.

Atakuuliza tena juu ya mlimao, nawe umjibu ukweli, ambao ni mgumu kidogo. Theluji si tatizo, kwa sababu mti kwenye ndoo ungeweza kukaa ndani penye dirisha la jua. Tatizo ni kwamba miti ya jamii ya limau na chungwa iliyoko Houston iko chini ya karantini ya kilimo, kwa sababu ya ugonjwa unaoenezwa na mdudu mdogo na kuua miti hiyo, na haruhusiwi mtu kuichukua tu na kuivusha hadi jimbo lingine. Mweleze hivyohivyo, anaweza kuelewa. Halafu umwache achague mwenyewe nani wa kumwachia, awe rafiki yake wa darasani au jirani wa ghorofa ya chini, na msimchagulie. Aupeleke kwa mikono yake, aonyeshe unanyweshwa kiasi gani cha maji na siku zipi, na mfanye hivyo wiki moja nzima kabla ya safari, ili apate siku za kwenda kuuona pale ulipo.